Mwaka Niliokunywa Maji ya Nyumba Nzima

Siku ya arobaini ya Shangazi Hawa, kisomo kilipokwisha na masinia ya pilau yakaanza kuzunguka uani kwake Ipagala, nilimsikia binamu yangu Salama akiwasimulia wageni jinsi marehemu mama yake alivyoniokoa. "Mama alimwangalia mara moja tu," alisema, "akasema huyu mtoto ana sukari. Hakungoja mtu. Siku ileile akambeba hospitali." Wageni wakatikisa vichwa, wakasema Mungu amrehemu, kweli alikuwa mtu wa kuona mbali. Salama mwaka ule alikuwa shule ya bweni Singida. Aliporudi likizo alinikuta nimeshatoka wodini, nimekaa barazani nachambua mchele. Sasa anasimulia kana kwamba alikuwa ameshika taa. "Hakujua," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mikono ikasimama juu ya pilau. "Shangazi hakujua. Alidhani nina mimba." Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akaguna, akaniambia, "Zainabu mwanangu, marehemu hasemwi." Lakini mimi sikuwa namsema. Yule mwanamke nilimpenda, na nitamlilia mpaka na mimi nililiwe. Ila nimeshachoka kusikia kwamba alijua. Angekuwa alijua, kusingekuwa na hadithi. Tumezika watu wengi katika ukoo huu kwa sababu ya kuamini kwamba ugonjwa ni kitu ambacho mtu mwenye busara anakitazama tu akakijua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasomea uhazili katika chuo kimoja mjini, na nilikuwa nakaa kwa Shangazi. Ipagala ya wakati ule si hii ya maghorofa na maduka ya vioo. Nyumba zilikuwa zimetupana, katikati kuna vichaka vya miiba, na upepo wa mwezi wa nane ukivuma unakula vumbi mpaka chini ya ulimi. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, chumba chake, chumba changu, na uani chumba cha nje alichokuwa amempangisha Mama Yohana, mjane wa Kigogo kutoka Mlali, aliyekuwa akisuka mikeka na kuiuza. Bomba lilikuwa moja, na lilitoa maji pale lilipojisikia. Kwa hiyo maji yalitunzwa: pipa la kufulia na kuogea, madumu ya kupikia, na mtungi wa kunywa uliokaa pembeni mwa jiko juu ya mchanga wenye unyevu, na kata yake juu ya kifuniko. Shangazi aliuza khanga na vitenge sokoni na alikuwa mtu wa kukasirika kwa utaratibu. Alikasirikia vumbi, akakasirikia bomba, akakasirikia watu wanaopiga hodi wakati wa chakula. Lakini hakuna kilichomkasirisha kama kunyanyua kifuniko cha mtungi na kukuta chini.

Mimi ndiye niliyekuwa nayamaliza. Sijui ilianza lini hasa. Kiu haina siku ya kuzaliwa. Najua tu kwamba baada ya mavuno ya uwele nilianza kuamka na ulimi umegandia juu ya kinywa, nakunywa kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikiweka kata chini nahisi kama sijanywa kitu. Nikitoka chooni, sijafika jikoni, nataka kurudi chooni. Darasani nilikuwa nimejitafutia kiti cha karibu na mlango. Shangazi akarudi sokoni jioni moja, akafungua mtungi, akasimama na kifuniko mkononi kama mtu aliyeibiwa. "Nani kamaliza maji?" Nikamwambia, "Ni mimi, Shangazi." Akanitazama, kisha akatazama mlango wa chumba cha nje. "Usimfichie mtu," akasema. "Mtu mmoja hawezi kunywa maji ya nyumba nzima." Nikarudia kwamba ni mimi, kwamba nina kiu isiyokatika. Akanijibu kwamba Dodoma nzima ina kiu, hiyo ndiyo Dodoma. Kuanzia siku hiyo akawa haitikii vizuri salamu za Mama Yohana. Mama wa watu anasema "Mbukwenyi" asubuhi, Shangazi anajibu huku anafagia kuelekea miguuni kwake.

Hapo ndipo huwa nashikwa na hasira hata leo, miaka yote hii baadaye, mimi mwenyewe bibi mwenye wajukuu. Kwa sababu mtu wa kwanza kusema neno lenyewe alikuwa Mama Yohana. Alikuwa ameona sisimizi. Pale bafuni nyuma ya nyumba, ambapo kwa uvivu na haraka nilikuwa najisaidia badala ya kwenda mpaka chooni, sisimizi walikuwa wamejipanga safu kutoka kwenye ufa wa ukuta. Akaniita barazani kwake, akaniketisha kwenye mkeka ambao haujamalizika, akaniuliza taratibu kama mtu anayehesabu mishono. Je, nakunywa sana? Nakojoa sana? Nakula na bado njaa inauma? Nikaitikia yote. "Baba Yohana alianza hivihivi," akasema. "Tukasema ni jua. Tukasema ni uchovu wa shamba. Mpaka mguu ukaoza. Mwambie shangazi yako akupeleke wakakupime sukari. Usingoje." Nikamwambia Shangazi jioni ileile, tunakula ugali wa mtama na mlenda. Akaacha tonge hewani. "Sukari? Sukari ni ugonjwa wa maofisa. Wa watu wenye vitambi. Wewe umebaki mifupa, sukari utaitolea wapi?" Kisha, kwa sauti ya kupitia ukutani ili wa chumba cha nje asikie: "Mtu akikunywia maji yako, lazima akutafutie na ugonjwa wa kukuziba mdomo."

Na kweli nilikuwa nimebaki mifupa. Sketi za chuo nilizifunga kwa pini, kisha kwa pini mbili. Na unadhani watu walisema nini? Walinisifu. Wateja wa Shangazi waliokuja nyumbani kuchukua vitenge walinigeuza huku na huku kama nguo yenyewe. "Zainabu umekatika kiuno!" "Tupe siri, mwenzetu unakula nini?" Nilikuwa nakula sahani mbili na kulamba sufuria. Mwalimu wa kupiga chapa aliniambia nimeanza mapenzi, ndiyo maana herufi zinanipotea. Na kweli zilikuwa zinanipotea, karatasi inayeyuka mbele ya macho kama inatazamwa kupitia mvuke wa chungu. Nikamwambia sioni vizuri. Akaniambia nikae mbele. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu la kila mtu lilikuwa rahisi, na hakuna jibu hata moja lililohitaji kunyanyuka kwenye kiti.

Nilipoanza kutapika, Shangazi akaona amepata jibu. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alinifungia mlango wa sebule, akakaa kwenye kochi lililonielekea, akavuta kitambaa cha kufuma kikae sawa. "Nitajie jina lake," akasema. Sikuelewa. "Mwenye mimba. Nitajie, tujue anakotoka, tumwite baba yako tuyamalize kwa heshima." Nikaapa. Nililia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kukavu. Kesho yake akanipeleka kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, ambayo siku hizi haipo. Wakanipa kikopo, nikakijaza mpaka ukingoni bila shida yoyote, maana hiyo ndiyo kazi pekee mwili wangu ulikuwa bado unaiweza. Wakapima mimba. Hakuna. Shangazi akasema wapime tena. Hakuna. Basi wakaumwaga mkojo wangu. Nimeifikiria hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: mkojo uleule ambao sisimizi walishaujua, uliojaa sukari kama togwa, ulishikwa mkononi na mtu wa afya, ukachovywa kipimo cha mimba, na ukamwagwa kwenye sinki. Nikapewa dawa za malaria kwa kuwa nimechoka na kichwa kinauma. Tukarudi nyumbani, na Shangazi, aliyekuwa ameona haya lakini hakuwa na mazoea ya kulisema hilo, akaagiza nichinjiwe kuku.

Basi nikawa mgonjwa rasmi, na mgonjwa kwetu huletewa glukosi. Walikuja majirani, wakaja wenzake Shangazi wa sokoni, wakaja watu wa msikitini, na kila mmoja mkononi ana pakiti ya glukosi au chupa ya soda au mfuko wa zabibu. "Upate nguvu, mama." Shangazi alikuwa anakoroga mwenyewe, vijiko vya kujaa, kisha anasimama juu yangu mpaka glasi iishe. Chai yangu ilitiwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Nami nilikunywa kwa pupa kwa sababu nilikuwa na kiu, na kila nilichokunywa kilinizidishia kiu. Wema wa watu ulikuwa unaniua, nami nashukuru. Nimekaa na sukari maisha yangu yote na bado sijapata namna ya kulieleza hili bila kutaka kupiga meza. Watu wale walinipenda. Hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya. Lakini mtu mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa usiku kucha, anayekula na kukonda, anayeona ukungu, hahitaji glukosi wala sifa ya kiuno wala kuulizwa jina la mwanamume. Anahitaji tone moja la damu kidoleni na mtu wa kulitazama. Basi. Hata asipokutwa na kitu, amepoteza asubuhi moja.

Mama Yohana alirudi tena, safari hii kwa Shangazi mwenyewe. Nilikuwa nimelala chumbani, mlango haukufungwa, nikawasikia jikoni. "Mama Salama, nakuomba. Nipigie kelele, nifukuze chumba chako, lakini mtoto apimwe sukari." Shangazi akamjibu kwamba mtoto ameshapimwa, na hospitali zimeshindwa, na kwa hiyo anampeleka Kondoa kwa Bi Mwantumu. Huyo Bi Mwantumu ni dada yao mkubwa, Shangazi na baba yangu, na alikuwa ameshatuma salamu kwamba binti amefanyiwa jambo na watu wenye kijicho, aletwe asomewe. "Wamempima nini?" Mama Yohana akauliza. "Wamempima," akasema Shangazi. "Nini?" Kisha nikasikia kata inagonga ukingo wa mtungi kwa nguvu. "Wewe umekuwa daktari lini?" Mama Yohana akasema, "Mimi si daktari. Mimi ni mtu aliyechelewa."

Asubuhi ya safari nilikuwa siwezi kusimama. Nilikuwa napumua kwa kina na haraka kama mtu aliyepanda mlima wa Haubi akiwa na mzigo kichwani, na sikuwa nimepanda popote, nilikuwa nimelala. Shangazi alinivalisha mwenyewe baibui, akanifunga na khanga kiunoni, akasema mdomo wangu unanuka kama matunda yaliyolala, akanipigisha mswaki. Taksi ilikuja mpaka mlangoni. Mama Yohana alikuwa amesimama uani na ukili mkononi. Tukaondoka. Sijawahi kuwa mtoto wa kubisha. Nililelewa kwamba mkubwa akisema kulia, kushoto inafutika duniani. Lakini tulipofika pale barabara ya stendi inapoachana na ya kwenda hospitali kubwa, kitu ndani yangu kilichokuwa hakina tena nguvu ya kuwa na adabu kikafungua mdomo. Nikamwambia dereva, "Hospitali."

"Stendi," akasema Shangazi.

"Hospitali, kaka. Nakuomba."

Dereva akapunguza mwendo, akatutazama kwenye kioo. "Mama, tunakwenda wapi?"

"Wewe umelipwa na nani? Stendi!"

Nikamshika Shangazi mkono. Ilinibidi niseme neno, nivute pumzi, niseme jingine. "Shangazi. Ukinipeleka Kondoa, utafika na maiti."

Gari likasimama pembeni, injini inanguruma. Muuza karanga alikuja dirishani, akatutazama, akaondoka. Shangazi alikuwa anatazama mbele, taya limekaza, na nilidhani atanipiga kofi. Badala yake aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana: "Na wasipoona kitu tena?" Nikagundua hapo kwamba hakuwa mkaidi tu. Alikuwa anaogopa kuambiwa kwa mara nyingine kwamba hakuna kitu, kisha anibebe hivyohivyo kurudi nyumbani aone ninavyokwisha. Kondoa angalau walikuwa na jibu. Nikamwambia, "Waambie wapime sukari." Akafunga macho. Akayafungua. "Geuza gari," akamwambia dereva, na alipomwona anachelewa kupata nafasi barabarani, akatoa kichwa dirishani akaanza kuwafokea wenye magari mmoja mmoja mpaka wakatupisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Shangazi hakungoja kuulizwa. "Mpimeni sukari," akasema, kama amri, kama mtu aliyekuja na wazo hilo kutoka tumboni mwa mama yake. Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi ya Salama, na siwezi kuilaumu sana. Wakanitoboa kidole. Mashine ikaandika herufi mbili badala ya namba. Daktari akamweleza Shangazi kwamba maana yake sukari imepanda kupita mahali mashine inapoishia. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: dripu ya maji ya chumvi, sindano, machela, dari yenye madoa. Nilisikia daktari anauliza, "Amekuwa hivi kwa muda gani?" na Shangazi anajibu, "Tangu mavuno." "Mama," akasema daktari, bila ukali, "mngefika kesho, tungekuwa tunazungumza mambo mengine." Shangazi akakaa chini sakafuni, pale pale korido, na viatu vyake vikamtoka.

Nilipopata fahamu vizuri walinieleza kwamba mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, kwamba hii si sukari ya vitambi bali ya aina nyingine inayowakuta hata watoto na vijana wembamba, kwamba sindano ni kila siku na si mpaka nipone, ni maisha. Nililia kwa machozi ya kweli, ya maji, nikashangaa kwamba ninayo. Shangazi ndiye aliyejifunza kwanza. Muuguzi alimpa chungwa na bomba la sindano lililojazwa maji, yule mwanamke asiyeweza kutazama kuku anachinjwa akakaa kwenye benchi la wodi anachoma chungwa, anafumba macho, anachoma, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, lile la kwanza limeshapona, chukua jingine." Nyumbani, kwa kuwa hatukuwa na friji, dawa ilikaa ndani ya chungu kidogo kilichozikwa kwenye ule mchanga wenye unyevu chini ya mtungi. Mama Yohana hakuombwa radhi. Ila siku ya kwanza bomba lilipotoa maji baada ya sisi kurudi, Shangazi alikinga dumu la Mama Yohana kabla ya la kwake, akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni pale, akaliweka chini kwa kishindo na kusema, "Limejaa." Mama Yohana akasema, "Ahsante, Mama Salama." Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yote, nami niliyekuwa natazama kutoka barazani nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Usidhani baada ya hapo watu walinyamaza. Dunia ina watu wengi wanaojua sukari kuliko waliowahi kuugua. Niliambiwa nikiendelea na sindano nitazizoea. Niliambiwa asali si sukari. Niliambiwa kuna mzee Chamwino anachemsha mizizi na ugonjwa unaisha moja kwa moja, na aliyeniambia alikuwa mtu wa ofisi mwenye tai. Ramadhani ilipofika, daktari alikuwa amenikataza kufunga, na akamwambia Shangazi mbele yangu kwamba nikishachoma sindano nisipokula kwa wakati, sukari itashuka na ninaweza kuanguka nisiamke. Kwa hiyo kila mchana, nyumba imetulia, jua limekaa juu ya bati, Shangazi mwenye swaumu yake alikuwa anasimama jikoni kunipikia. Wali kidogo, maharage, mchicha. Harufu inamjaa puani, midomo imemkauka, na yeye anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Nilimwambia nitajipikia. Akaniambia nikapumzike. Nilimwambia nitakula chumbani, watu wasione. Akasema nyumba hii haijawahi kuwa na mtu wa kula mafichoni.

Ndivyo Bi Mwantumu alivyotukuta, alipokuja kutoka Kondoa katikati ya mwezi kuja kuona kwa macho yake huyo binti aliyekataa kuletwa. Nilimpa shikamoo. Aliitikia huku anatazama sahani. "Hawa," akasema, "binti mzima, hana mtoto mgongoni, hana safari, anakula mchana wa Ramadhani, mlango uko wazi, na wewe ndiye unayempakulia?" Nilianza kusukuma sahani. Kusema kweli nilikuwa nimeshashiba, na haya ilikuwa imenijaa pale ambapo chakula kingeingia. Shangazi hakumgeukia dada yake mara moja. Alichukua mwiko, akaniongezea maharage, akausukuma wali karibu na mkono wangu.

"Dada," akasema, "huyu amri yake ni kula. Yako ni kunyamaza."

Bi Mwantumu akakaa kwenye kigoda kana kwamba alikuwa amekuja kwa ajili hiyo. Nikasema polepole, "Shangazi, nimeshiba." Akavuta kigoda kingine, akakaa mbele yangu, mikono magotini, midomo imepasuka kwa kiu ya swaumu, na akanitazama kwa hasira ileile ya kila siku.

"Sijakuuliza kama umeshiba," akasema. "Kula."

Nikala.